Kitabu cha Kiingereza kwa Wanafunzi Wanaojua Kusoma na Wanaoogopa Kusema

Wanafunzi wangu wakiingia mwaka wa kwanza huwa wameshakula chumvi nyingi ya Kiingereza. Sekondari yote wameisoma kwa lugha hiyo, na tangu sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 wapo walioanza hesabu na sayansi kwa Kiingereza wakiwa darasa la tano. Ukiwapa ukurasa wa biolojia wanausoma. Ukiwapa zoezi la kujaza nafasi, vitenzi na vihusishi, maksi zao hazina neno. Kisha unamwambia mmoja, "Hebu muulize mwenzako jana alifanya nini," na hapo anainama, anamtazama jirani yake, anacheka kwa haya, na darasa zima linacheka naye.

Teremka Forodhani jioni ya siku hiyohiyo. Utamkuta papasi, kijana wa kuwatafutia watalii safari, aliyeikimbia skuli fomu ya pili, anamwelezea mgeni safari ya kisiwa cha Changuu: kobe, bei, saa ya boti kurudi. Anakatizwa, anajibu, anarudi palepale alipoachia, anapunguza bei kidogo, anamchekesha mke wa mgeni. Makosa ya sarufi yamo tele, na mgeni anapanda boti.

Mimi nafundisha Kiingereza cha mazungumzo chuoni, hapa Unguja, na kila inaposemwa kitabu kibadilishwe, kazi ya kukichagua husukumwa kwangu. Sikuiomba, ila nimeizoea, na siku hizi naipenda. Vitabu vingi vimepita mikononi mwangu, vingine vya Uingereza, vingine vya Marekani, na karibu vyote vinang'ara. Karatasi nzuri, picha nzuri, vijana wa kwenye picha wana meno meupe. Kwa kukitazama tu dukani huwezi kujua kipi kitawafungua midomo watu wangu.

Kitu cha mwanzo ambacho mnunuzi hutafuta ni ile alama ya nyuma ya jalada: B1, B2 na wenzake. Hiyo ni mizani ya kupima ujuzi wa lugha, ya Baraza la Ulaya, iliyochapishwa 2001, yenye ngazi sita, A1 chini kabisa na C2 juu. Wa B1 ni mtu anayeweza kujimudu katika mengi yanayomkuta msafiri ugenini. Wa B2 anaweza kuzungumza na wenye lugha yao kwa wepesi, bila ya upande wowote kujikaza. Wauzaji wakisema kitabu ni "cha wanafunzi wa kati" mara nyingi wanakusudia B1 au zaidi kidogo. Na chuo nacho hujibu: wetu ni wa kati, kitabu ni cha kati, nunua tumalize.

Mwanafunzi wetu lakini hana ngazi moja. Mizani yenyewe inalijua jambo hilo. Jedwali lake la kujipima lina sehemu ya kusikiliza, ya kusoma na ya kuandika, na kwenye kusema wameweka sehemu mbili: kusema kwa kupokezana na mtu, na kusema wewe mwenyewe huku wengine wakikusikiliza. Wiki ya kwanza ya semista huwapa jedwali hilo wajipime, kisha nakaa nao mmoja mmoja. Kwenye kusoma wanajipa B2, na wengi ni haki yao. Kwenye kusema peke yao wanajipa B1, maana tangu skuli wamezoea kukariri hotuba ya mahafali na kuitoa bila kukosea nukta. Kwenye kupokezana wanateremka hadi A2, na wengine wanapaacha patupu.

Ukishaliona hilo, kitabu "cha kati" kinakutia mashaka kwa pande mbili. Habari zake za kusoma zitakuwa za kitoto kwa mtu anayesoma mambo ya uchumi au ya tiba: kijana fulani anapenda kuogelea na ana paka. Na sehemu yake ya kuzungumza, ambayo ndiyo tuliyoitaka, imebanwa chini ya ukurasa, maswali matatu na neno "jadilianeni", kana kwamba kujadiliana ni kitu kinachokuja chenyewe mtu akishajua wakati uliopita.

Kwa hiyo nikipewa kitabu kipya sianzi na orodha ya sarufi ya kurasa za mbele. Naifunika. Naenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kusema na kujiuliza swali moja: huyu anayesikiliza ana haja gani ya kusikiliza? Zoezi likisema, "Mwambie mwenzako kama unapenda kusafiri na kwa nini," najua litakavyokwenda. Ndiyo, napenda. Kwa nini? Kwa sababu ni kuzuri. Na wewe? Na mimi pia. Limekwisha, wamefungua simu. Hakuna aliyehitaji jibu la mwenziwe.

Zoezi jingine, katika kitabu ambacho hata hakikuwa kipya, lilikuwa kwenye mada ya sikukuu na sherehe. Lilitaka kila mmoja achague sherehe ambayo mwenzake hajawahi kuiona, na msikilizaji aulize mpaka aweze kwenda kumsimulia mtu wa tatu. Mfano wa kitabu ulikuwa wa Ulaya, nikauruka. Nikamkalisha kijana wa Makunduchi na msichana wa Wete. Kijana akaanza na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya kwao: Julai, uwanjani, wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Msichana akamkatiza. Wanapigana kweli au wanacheza? Kweli. Nani anashinda? Hakuna. Sasa wanapigania nini? Hapo kijana akakwama. Akashika kichwa, akageukia Kiswahili, na msichana akamnyooshea kidole: kwa Kiingereza! Akazunguka. Akasema kuna watu, wana hasira za mwaka mzima, mwaka unakwisha, basi na hasira nazo zitoke. Msichana akacheka, akaandika. Ilipofika zamu yake akaleta mchezo wa ng'ombe wa Pemba, na mambo yakawa yaleyale: ng'ombe anauawa? Hauawi. Anaumiza watu? Pengine. Sasa raha yake iko wapi?

Nilikuwa nimesimama nyuma yao muda mrefu na hawakuniona. Sarufi yao ilikuwa imevunjika vipande, lakini walikatizana, walidai maelezo, mmoja alikwama akatafuta njia ya kuzunguka. Hayo ndiyo papasi anayoyafanya Forodhani, na ndiyo yasiyokuwamo kwenye mtihani wa kujaza nafasi.

Unguja na Pemba zinatusaidia hapa bila gharama. Mtu wa mjini hajui karafuu inavyopitia mkononi: kuchumwa, kuchambuliwa, makonyo yakawekwa mbali, kuanikwa juani kwenye majamvi, na mbio za kuikusanya likitanda wingu. Mwanafunzi wa Mkoani, Pemba, anayajua yote kwa vidole vyake. Kitabu kikiwa na somo la kueleza hatua za kazi, hata kama mfano wake ni mashine ya kahawa, ninaweza kulitumia. Kitabu ambacho mazoezi yake yamefungwa kwenye picha zake mwenyewe, hata nikitaka kuingiza karafuu hakuna mlango, hicho nakirudisha.

Kuhusu picha, nenda na kitabu kwanza kwenye steshenari kabla hujaenda nacho ofisini. Wanafunzi wengi hawatanunua kitabu cha rangi kutoka ng'ambo, bei yake ni matumizi ya mwezi, na tunaishia kugawana nakala chache za maktaba pamoja na karatasi. Vipo vitabu vya mwalimu ambavyo wachapishaji wenyewe wameweka kurasa zinazoruhusiwa kutolewa kopi kwa ajili ya darasa, na hilo ni jambo la kulitafuta mapema, ukurasa kwa ukurasa. Nilimpelekea kijana mmoja wa steshenari ya Darajani kurasa za namna hiyo. Akaziangalia, akanitazama.

"Madam, hizi za rangi. Nikitoa nyeusi na nyeupe, utazipenda?"

"Toa moja tuone."

Ukatoka ukurasa wa mtaa wenye watu wengi, na zoezi lilitaka mmoja aeleze yule bibi mwenye koti jekundu yuko wapi na anafanya nini. Mtaa mzima ulikuwa rangi ya mkaa. Bibi hakuonekana, koti halikuonekana, na mwenye gari la kijani na mwenye gari la bluu walikuwa ndugu. Tangu siku hiyo ukurasa wa kwanza wa kopi ndio usaili wangu wa kitabu.

Sauti ni balaa jingine. Kitabu kingine hakisogei bila ya rekodi: sikiliza, jaza, sikiliza tena, linganisha. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka ile miezi mitatu ya giza, ilipotokea hitilafu upande wa Fumba unakofikia waya wa umeme kutoka bara. Redio za kaseti zilikaa kabatini na vitabu vyao vikakaa nazo. Siku hizi umeme si kama wakati ule, lakini CD inayokuja ndani ya jalada haina pa kuingia, kompyuta za wanafunzi hazina tena mdomo wake, na rekodi za kwenye intaneti zinataka bando. Mimi naangalia mwishoni mwa kitabu kama maneno ya rekodi yamechapishwa. Yakiwepo, umeme ukikatika nawaita wanafunzi wawili mbele wayasome, mmoja nampa kazi ya kusema haraka na kumeza maneno, na somo linaendelea. Kwa kweli mara nyingine linanoga kuliko rekodi.

Rekodi zenyewe nazisikiliza kwa sikio la mtu wa fildi, aliyepelekwa kujifunza kazini. Wanafunzi wetu wa utalii wanakwenda Nungwi, Kiwengwa, Paje, na Kiingereza kinachowangoja huko ni cha Mtaliano, Mjerumani, Mpolandi. Kitabu ambacho kila anayezungumza ametokea London na anatamka kila neno kama msoma habari kinawaandaa kwa mgeni ambaye hatakuja mara nyingi. Vitabu vya karibuni vimeanza kuweka sauti za watu wa mataifa mengine, na nikivipata vya namna hiyo navipa uzito mkubwa, kuliko mambo ya matamshi ya Uingereza au ya Marekani ambayo kwenye vikao vyetu hubishaniwa mpaka chai inapoa.

Sasa mada. Kuna wanaotaka kila chenye divai, klabu na wapenzi kitolewe, na kuna wanaoona huo ni ushamba. Mimi nimesimama mahali pangu. Mwanafunzi atakayefanya kazi hotelini atakutana na divai kila jioni, na lazima ajue kumsikiliza mgeni anayeiagiza. Lakini zoezi likimtaka msichana aliyevaa buibui ajifanye anamwomba kijana wa kiti cha pili watoke pamoja usiku, atanyamaza, na katika darasa la mazungumzo mwenye kunyamaza ndiye niliyempoteza. Niliwahi kuwapa zoezi la mgahawani lenye mambo hayo, na kabla sijasema neno mmoja wao akamwambia mwenzake, "Mimi muhudumu, wewe mgeni, na mimi nakwambia leo hakuna, kuna juisi ya ukwaju." Mgeni akalalamika, muhudumu akamtuliza kwa adabu, meneja akaitwa. Hilo ndilo zoezi bora la semista ile. Kitabu kinachoacha nafasi ya mtu kuchagua upande wa kusimama hakinisumbui hata kikiwa na divai.

Lipo la kuchekwa, ambalo vitabu vya huko havilijui kwa sababu pengine kwao si kubwa kama kwetu. Hapa mtu anaweza kukaa kimya miaka mitatu ili asichekwe siku moja. Zoezi linaloanza na "simama mbele ya darasa" limekufa kabla halijazaliwa. Nataka kitabu kinachoanza na wawili, kisha wanne, na cha mbele ya watu kije mwisho wakati mtu ameshayasema mara kadhaa na ulimi umelainika. Tena nataka kiwape maneno ya kujiokoa: ya kuomba mtu arudie, ya kununua muda, ya kusema "sikukusudia hivyo, nilikuwa nataka kusema hivi". Vitabu vingine vimeyaweka kwenye visanduku pembeni mwa ukurasa, vidogo, kama pambo. Natafuta kitabu kinachoyafanyia mazoezi, tena na tena, kila somo, mpaka mwanafunzi ayatoe bila kufikiri.

Wageni wanaokuja Vuga, hapa mjini, kujifunza Kiswahili wana tatizo hilohilo kwa upande wa pili. Mmoja alikuja kubadilishana na darasa langu, saa moja Kiswahili, saa moja Kiingereza. Salamu za kitabu chake ziliisha kwa mistari miwili. Wanafunzi wangu wakamuuliza ya nyumbani, ya kazi, ya safari, ya joto, ya wazee, na yeye alikuwa ameshamaliza. Walicheka, akacheka, akaomba waanze tena polepole. Nikawaonesha: mmeona alivyoomba? Hakufa.

Mada nyingine zinataka kubadilishwa tu anwani. Katika kitabu kimoja kulikuwa na mjadala juu ya jengo kongwe la mji fulani wa Uingereza, libomolewe au litengenezwe. Wanafunzi walilisoma kwa heshima na hawakuwa na la kusema. Nikaandika ubaoni Beit al-Ajaib. Jumba la Sultan Barghash, la 1883, sehemu yake ikaporomoka Disemba 25, 2020 na kuua watu. Nikawaachia maswali ya kitabu kama yalivyo: nani alipe, lijengwe kama zamani au lije jipya, nani mwenye jengo. Mlinzi alikuja kuuliza kuna nini. Kijana mmoja wa Mji Mkongwe ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake alimjibu mwenzake kwa sentensi ndefu ya Kiingereza, akagundua anachokifanya, akakaa chini. Maswali yalikuwa mazuri tangu mwanzo, na sifa ya hilo naipa waliotunga kitabu.

Mkubwa wetu mmoja idarani, Maalim wa sarufi tangu enzi za kaseti, hakukubaliana na mimi. Alikipekua kitabu nilichokipendekeza, akakiweka mezani.

"Mwanangu, hiki kina maneno matupu. Sarufi iko wapi?"

"Maalim, wameisoma tangu skuli."

"Na wameijua?"

"Kwenye karatasi, wameijua."

"Basi na kwenye karatasi waendelee kuijua." Alikuwa na hoja yake. Wapo wanaozoea kuzunguka mpaka wasitafute tena njia ya moja kwa moja. Tukakubaliana kitabu kiwe na kurasa za sarufi mwishoni, za kurejea, na wanafunzi wazisome nyumbani. Vitabu vingi vimewekwa hivyo siku hizi, kwa hiyo hatukukosa.

Kwa kuamua baina ya viwili vya mwisho, tunachukua somo moja kutoka kila kitabu, mada zinazokaribiana, tunayafundisha kwenye mikondo miwili wiki moja, na mwalimu mwingine anakaa nyuma. Kazi yake si kumhukumu mwalimu. Anaangalia nani anasema. Akiona sauti ya mwalimu ndiyo iliyotawala, kitabu kinampa mwalimu kazi nyingi ya kueleza. Akiona kila kundi lina msemaji mmoja na wengine wanaitikia, mazoezi hayagawi kazi. Wiki ya pili tunabadilishana mikondo, maana darasa la asubuhi na darasa la baada ya swala ya adhuhuri si watu wamoja, hata kama majina ni yaleyale. Baadaye tunawauliza wanafunzi wenyewe, kwa karatasi isiyo na jina. Wanasema mengi, na wengi huwa wameliona tatizo kabla yetu.

Kitabu tulichonacho sasa kina somo zima la kuteleza kwenye theluji, ambalo nimelibadilisha kuwa mashindano ya ngalawa, na rekodi zake mbili hazisikiki vizuri. Kingine chochote ningeweza kukilalamikia zaidi. Linalotusumbua kwa sasa ni matoleo. Mchapishaji ametoa jipya, kurasa zimesogea, na ukisema "ukurasa wa thelathini na nne" nusu ya darasa wana zoezi na nusu wana picha ya kiwanja cha ndege. Kwa hiyo agizo la mwaka huu nimeandika nambari ya toleo na kuipigia mstari, na nimeongeza nakala za kitabu cha mwalimu, kwa kuwa hicho ndicho wenzangu wanachokiazima maktaba na kusahau kukirudisha.